Kitabu kinanifaa nini? Juu ya kusoma na kupima vitabu huku kwetu Fizi na Baraka



Kwenye ukurasa huu tuko na desturi moja nzuri. Mara kwa mara mmoja wetu anachukua kitabu, anakisoma mpaka mwisho, halafu anatuandikia kinasema nini na kama kinastahili wakati wetu. Desturi hiyo ilianza tukiwa wanafunzi. Leo wengi wetu tumemaliza. Kuna mwenye watoto wawili, kuna mwenye duka la dawa, kuna anayeendesha pikipiki, kuna anayelima, kuna anayengoja kazi mwaka wa tatu huu. Na swali tunalouliza mbele ya kitabu limebadilika. Zamani tuliuliza: "Ni kizuri?" Sasa tunauliza: "Kinanifaa nini?"

Wapo wakubwa wetu wanaosikitika wakisikia swali hilo. Wanasema vijana hawasomi tena, wanataka fedha tu, na wanamalizia kwa ule msemo kwamba ukitaka kumficha Mwafrika kitu, kiweke ndani ya kitabu. Mimi msemo ule siupendi hata kidogo. Unamcheka asiye na kitabu bila kuuliza kitabu kiko wapi, kimeandikwa kwa lugha gani, na bei yake ni magunia mangapi ya mihogo.

Nataka leo kulitetea swali la "kinanifaa nini". Ni swali la mtu mzima. Lakini nataka pia kuonyesha kwamba tunalijibu vibaya, na kwamba kosa hilo linatugharimu.

Kwanza tuseme kweli: vijana wa Fizi wanasoma. Angalia telefone ya mtu yeyote aliyemaliza iniversite. Asubuhi anasoma ofa za kazi za ONG zinazopita kwenye magrupu: tarehe ya mwisho, masharti, na uzoefu wa miaka mitano kwa mtu aliyemaliza jana. Mchana anasoma habari za usalama wa barabara. Usiku anasoma ujumbe wa dini, matokeo ya mpira, na kipande cha kitabu ambacho mtu amekiweka kwenye statuti yake. Huyo mtu anasoma siku nzima.

Kilichobadilika ni kingine. Kitabu cha karatasi kimekuwa kigumu kupata. Sokoni utakuta daftari, vitabu vya shule, Biblia na vitabu vya nyimbo. Riwaya ni bahati. Wazazi wetu waliosoma wakati wa Zaire walimjua Zamenga Batukezanga, aliyeandika Kifaransa chepesi ambacho hata mwanafunzi wa sekondari alikielewa. Sisi tuliosoma Bukavu tulizoea kuazimana vitabu na kurudi navyo nyumbani wakati wa likizo. Tangu mwezi wa pili 2025, Bukavu ilipochukuliwa na M23, hata njia hiyo imekuwa ngumu. Kwa hiyo kinachosafiri sasa ni PDF. Na PDF inayosafiri mbali zaidi ni ile inayoahidi jambo: utajiri, kazi, ndoa nzuri, akili ya ushindi. Kitabu kisichoahidi kitu hakimalizi hata mega za kukipakua.

Hapo ndipo mhakiki wa vitabu ana kazi. Mimi nilisoma agronomia, na huko tunafundishwa jambo moja mapema sana. Aina ya mihogo inaweza kufanya maajabu kwenye kituo cha INERA kule Mulungu au Yangambi. Hilo halimaanishi itafanya maajabu kwenye mchanga wa kando ya ziwa Baraka, wala kwenye miteremko ya Fizi. Mbele ya kuwapa wakulima vipando, unaweka shamba dogo la majaribio palepale watakapolima. Unaangalia inavumilia ugonjwa wa mozaiki kiasi gani, inakomaa miezi mingapi, na wamama wanasema nini juu ya ladha ya sombe lake. Ukiruka hatua hiyo, unaweza kueneza ugonjwa kijiji kizima pamoja na vipando vyako vizuri. Vitabu navyo tunavigawa kila siku bila shamba la majaribio. Tuchukue basi vitabu vitatu tuvipime hapa kwetu.

Kitabu ninachokikuta mara nyingi zaidi kwenye telefone za wenzetu ni Père riche, père pauvre cha Robert Kiyosaki. Mwandishi ni Mmarekani aliyekulia Hawaii, na kitabu kilitoka 1997, akishirikiana na Sharon Lechter. Habari yenyewe ni rahisi. Kijana ana baba wawili. Baba maskini ndiye aliyemzaa: msomi mwenye diploma kubwa, mtu wa idara ya elimu, anayefanya kazi kwa mshahara. Baba tajiri ni baba wa rafiki yake: hakumaliza hata shule, lakini anajua fedha. Fundisho ni kwamba kuna vitu vinavyoingiza fedha mfukoni mwako na kuna vitu vinavyoitoa, na tajiri ananunua vile vya kwanza. Hata nyumba unayolala, anasema, usiihesabu kuwa mali.

Sikatai kwamba kuna ukweli ndani yake. Kutenganisha fedha ya kazi na fedha ya kula ni jambo kubwa. Lakini mama anayeuza ndagala kule ufukweni hajawahi kumsikia Kiyosaki, na anajua tangu zamani kwamba mtaji hauliwi. Likelemba na AVEC za vijiji vyetu zinafundisha hilo kila juma, bila PDF.

Kwa nini basi kitabu hiki kinatushika sisi wenye lisansi kuliko kinavyomshika yule mama? Nafikiri ni kwa sababu kinagusa kidonda chetu. Kinatuambia kwamba baba msomi ndiye maskini, kwamba diploma yenyewe ndiyo iliyotupoteza. Mtu aliyekaa miaka mitatu na lisansi yake sandukuni anasikia mtu amemwelewa.

Sasa tukipime kwenye udongo wetu. Baba maskini wa Hawaii alipata mshahara wake. Mwalimu wa Fizi ni mtu mwingine kabisa. Kuna wale wanaoitwa NU, ambao wanafundisha lakini bado hawajaingia kwenye listi ya malipo ya Leta. Kwa miaka mingi waliishi kwa prime ya wazazi. Septemba 2019 Leta ilipotangaza masomo ya bure kwa shule za msingi, wazazi walipumua, na ni vizuri, lakini NU aliyekuwa bado inje ya listi alipoteza hata ile kidogo. Mtu huyo si maskini kwa sababu hakujua tofauti ya mali na mzigo. Ni maskini kwa sababu alifanya kazi na hakulipwa. Kitabu cha Kiyosaki hakina neno la kumwambia, ila kumdharau. Na watoto wake wanakisoma, wanajifunza kumdharau nao.

Tupime tena. Njia kubwa ya utajiri katika kitabu kile ni kununua nyumba na viwanja kwa mkopo, kuvipangisha au kuviuza kwa faida. Hiyo inataka benki inayokopesha kwa miaka mingi, hati za ardhi zinazoaminika, na mahakama zinazomaliza kesi. Huku kwetu sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ni mali ya Leta. Wewe unapewa haki ya kuitumia. Na ukitoka mjini kidogo, shamba linapatikana kupitia chifu na jamaa, kwa maneno na mashahidi zaidi kuliko kwa karatasi. Kila agronomu aliyefanya kazi ya shambani anajua kesi mbili tatu za mtu aliyenunua sehemu moja na wenzake wawili. Mtu akifuata kitabu kile neno kwa neno hapa Baraka, hatapata mali. Atapata kesi.

Halafu kuna jambo ambalo watu wanaosambaza PDF hiyo hawalisemi. Mwaka 2012 kampuni moja ya Kiyosaki, Rich Global, iliomba kufilisika, baada ya kuamriwa mahakamani ilipe karibu dola milioni 24 kwa kampuni iliyokuwa imemsaidia kuandaa mikutano yake. Pia mwandishi huyo ameisifu sana biashara ya mtandao, ile ya kuingia kwa kulipa kisha kutafuta watu wa kuwaweka chini yako. Munajua wenyewe ni wenzetu wangapi waliotoa dola zao, wengine dola za likelemba, na wakabaki na maboksi ya bidhaa chini ya kitanda. Sisemi kitabu kimoja ndicho kilichowatuma. Nasema kitabu kiliwaandaa: kiliwafundisha kwamba anayeuliza maswali mengi ana akili ya maskini.

Kwa hiyo jibu langu juu ya kitabu hiki ni hili: kinaahidi kufaa, na kwa sehemu kubwa hakifai hapa.

Sasa tuchukue kitabu cha pili, ambacho wengi watasema ni cha kupoteza wakati. Ni kitabu cha Che Guevara juu ya vita vya 1965 huku kwetu. Alikiandika mwisho wa mwaka ule na mwanzo wa 1966, akiwa amejificha ndani ya ubalozi wa Cuba kule Dar es Salaam. Kilikaa bila kuchapishwa kizima mpaka 1999, na leo kinapatikana kwa Kifaransa. Aprili 1965 Che alivuka ziwa kutoka Kigoma, akafika Kibamba. Watu wake walipewa majina ya namba za Kiswahili: Víctor Dreke aliitwa Moja, Martínez Tamayo aliitwa Mbili, na yeye mwenyewe, ingawa ndiye mkubwa, aliitwa Tatu. Septemba askari wa kukodiwa wa Mike Hoare waliishambulia Baraka kutoka ziwani. Novemba Che aliondoka usiku kwa njia ileile ya maji.

Nimeona vijana wakifungua kitabu hiki kwa ajili ya picha ya Che waliyozoea kuiona kwenye tisheti, na kukiacha haraka, kwa sababu hakuna ushindi ndani. Che mwenyewe anakitangaza tangu mwanzo kuwa habari ya kushindwa. Lakini hapo ndipo uzuri wake ulipo. Ukurasa baada ya ukurasa, mtu maarufu anachunguza kwa nini kazi yake haikuzaa. Anawalaumu wakubwa wa uasi waliokuwa wanazunguka kwenye miji ya inje huku wapiganaji wanawangoja mlimani, pamoja na Laurent-Désiré Kabila, ambaye mwaka 1997 alikuja kuwa rais. Lakini hajiachi yeye mwenyewe.

Kuna sehemu moja, mwisho kabisa wa kitabu, ambayo mimi naiona ni ya thamani kuliko kurasa zote za baba tajiri. Anapohesabu makosa yake, anasema hakujifunza Kiswahili vizuri na mapema. Na anaeleza sababu: alijua Kifaransa. Kifaransa kilimtosha kuzungumza na wakubwa, na kwa hiyo kilimtenga na askari wa kawaida.

Someni tena sentensi hiyo mukijifikiria sisi. Ni nani kati yetu wenye lisansi hajafanya hivyo? Agronomu anaandika fishi ya ufundi kwa Kifaransa, inapendeza kwa mkubwa wa mradi, inaingia kwenye ripoti. Halafu anapanda milimani, anatafsiri juujuu kwa wakulima wanaofikiri kwa Kibembe, na mwisho anashangaa kwamba hawakufuata. Anaandika kwenye ripoti kwamba wakulima ni wagumu kubadilika. Che alikuwa na ujasiri wa kuandika kwamba ugumu ulikuwa wa kwake. Pia anajiuliza ni nini hasa wapiganaji walikuwa nacho cha kuwapa wakulima wa milima ile, na hajipi jibu tamu. Swali hilo kila mradi unaoingia Fizi ungepaswa kuliweka kwenye ukurasa wa kwanza.

Sasa, kama mhakiki sina budi kusema pia ubovu wa kitabu. Watu wa kwetu wanaonekana ndani yake kwa mbali. Tunaambiwa hawataki kuchimba mahandaki, tunaambiwa wanaamini dawa ya kuzuia risasi, lakini mara chache sana mmoja wao anapewa nafasi ya kueleza kwa nini. Wamama waliowalisha wapiganaji karibu hawasikiki. Unasoma majina ya Kibamba, Lulimba, Fizi, Baraka, moyo unaruka, halafu unagundua kwamba wewe ndiye mandhari na siyo msemaji. Ni kitabu kikweli juu ya Che kuliko kilivyo juu ya Fizi. Lakini kwa sababu ni mwaminifu juu ya kushindwa kwake, kinatufundisha zaidi ya vitabu vingi vya watu walioshinda.

Kwa hiyo kitabu ambacho hakikuahidi kitu ndicho kinachonifaa kazini. Na mutaona jambo jingine. Muhtasari wa Kiyosaki unatosha. Ukisoma mistari kumi kwenye statuti, umekipata chote. Muhtasari wa kitabu cha Che ni kitu bure, kwa sababu faida yake ni kumfuata mtu mwezi baada ya mwezi anapogundua kwamba mpango wake haushiki ardhini. Hicho ndicho kipimo kimoja ninachowaachia: kama muhtasari wa kitabu unatosha, usipoteze mega zako kwa kitabu.

Mtu anaweza kuniambia: "Sawa, lakini huyo naye ni mgeni aliyeandika juu yetu. Cha kwetu kiko wapi?" Ni swali la haki, na ndilo linanileta kwenye kitabu cha tatu. Hakikutoka Fizi, kimetoka kusini, kule Katanga. Lakini ni cha mwaka uleule wa 1965, na kinatuhusu sana.

Wakati Che anaandika kwenye daftari lake huku milimani, kule Elisabethville, mji ambao mwaka uliofuata ulianza kuitwa Lubumbashi, watu waliowahi kuwa maboi kwenye nyumba za wazungu walikuwa na association yao. Mmoja wao, André Yav, aliandika kwa niaba ya wenzake historia ya mji wao. Kilipigwa taipu, kikatolewa nakala, kikapita mkono kwa mkono. Jina lake ni Vocabulaire de ville de Elisabethville. Jina ni la Kifaransa, lakini ndani ni Kiswahili: Kiswahili cha Katanga kile cha mdomoni, siyo cha vitabu vya Dar es Salaam. Kinasimulia ukoloni wa Mbelgiji kwa jicho la mtu aliyekuwa jikoni, aliyefua nguo za bwana na kusikia maneno ya mezani.

Nacho nikipime bila upendeleo. Ni kigumu. Mambo yanarudiwa, nyakati zinaingiliana, na maneno yameandikwa hivi kwamba jicho linapotea. Mtaalamu Johannes Fabian, aliyekichapisha mwaka 1990 pamoja na tafsiri, alikwama nacho. Kilifunguka pale Kalundi Mango, Mkongomani mwenzetu, alipokisoma kwa sauti. Kilichokuwa msitu wa herufi kikawa mtu anayezungumza.

Mimi jambo hilo linanifikirisha sana. Tunalia kwamba watu wetu ni watu wa kusikia, siyo wa kusoma, kana kwamba hivyo ni vitu viwili vinavyopigana. Kitabu cha maboi wa Elisabethville kilikuwa kinangoja sauti. Huku kwetu redio inasikilizwa na nyumba nzima, ujumbe wa sauti wa WhatsApp unamfikia bibi asiyejua herufi, na kanisani mtu mmoja anasoma na mia wanasikia. Kama tabia ya kusoma inabadilika, mimi naona inarudi mahali ilipokuwa mbele: mmoja anasoma, wengi wanapata. Shida ni kwamba sisi tulio na uwezo wa kuwa yule mmoja tunasoma peke yetu, kwenye kioo kidogo, juu ya namna ya kuwapita wengine.

Na angalieni tena ni nani walioandika. Ni association ya wafanyakazi wa nyumbani. Hawakuwa na lisansi. Hawakungoja mfadhili, wala mhariri wa kuwasahihishia sarufi. Walikuwa na mashini ya taipu na jambo la kusema. Sisi ni association ya watu waliomaliza iniversite, kila mmoja na telefone yenye nguvu kuliko mashini ile mara elfu, na historia ya Fizi ya 1965 bado tunaisoma kwa Mwargentina.

Sasa narudi kwenye kazi ya kuhakiki vitabu kwenye ukurasa huu, kwa sababu kuna wenzetu wanaosema tuiache. Wanasema watu wako na shida kubwa, vita, kodi ya nyumba, ada ya watoto. Nani atasoma maandishi marefu juu ya vitabu? Sijibu kwamba vitabu ni vitakatifu. Najibu kwamba ofa ya uongo, mradi usioshika na PDF ya utajiri vyote vinaingia kwa njia ya kusoma, na anayejua kupima kitabu anajua kupima na hivyo vingine. Shida zikiwa nyingi, kosa la kuamini andiko baya linaumiza zaidi, maana hakuna akiba ya kulifidia.

Lakini namna ya kuhakiki lazima ibadilike pamoja na msomaji. Mwenye watoto na shamba hana haja ya kuambiwa kwamba mtindo wa mwandishi unapendeza. Anataka ajue kitabu kilipandwa kwenye udongo gani: nani alikiandika, wapi, kwa watu wanaoishi vipi. Anataka ajue kinashika wapi hapa kwetu na kinakauka wapi, kwa mifano ya Baraka na Fizi, siyo ya New York. Na anataka aambiwe kwa lugha ambayo hata mtu ambaye hatakifungua kitabu kile maisha yake yote atapata kitu cha kubeba. Hayo matatu yakifanyika, maandishi hayawi marefu mno. Yasipofanyika, hata mistari mitano ni mingi.

Ninapendekeza jambo dogo, lisilohitaji bajeti. Mkutano wetu ujao, mbele ya michango na mbele ya mengineyo, mtu mmoja asome kwa sauti zile kurasa za mwisho za kitabu cha Che, na mwingine azigeuze papo hapo kwa Kiswahili chetu, na Kibembe inapobidi. Dakika 20 zinatosha. Na tumwalike mzee mmoja au mama mmoja aliyekuwepo wakati ule aketi mbele, asikilize alivyoandikwa, halafu aseme pale alipoandikwa vibaya.

Aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1965 leo amefika 75 na zaidi. Che ameshaandika la kwake, halitaongezeka wala kupungua. La mzee huyu bado liko kichwani mwake tu. Kwa hiyo siku ile mtu aje na kitabu, na mwingine aje na daftari tupu na kalamu mbili. Telefone nayo iwekwe mezani, inarekodi.